Mkono Usiowahi Kufiwa

Kifuli kililia, glavu ikambana Tulinagwe kifundo cha mkono, na vidole vyake vikaanza kufanya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya maishani mwake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ajabu ya glavu-kumbukumbu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zilihifadhi mienendo ya mkono wa Profesa Sekela, daktari wa uzazi aliyezalisha wanawake wa Mbalizi tangu Mbalizi haijawa jiji. Mwanafunzi alikuwa akivaa tu, na mkono wa profesa ukiuongoza wake uingie vipi, upime nini, utoke lini. Waliopitisha sheria ya glavu walikuwa na hoja yao: wanafunzi hutetemeka na kuogopa, glavu haiogopi. Kifuli nacho hakikufunguka mpaka mwendo ukamilike, yaani mpaka mkono utoke kwa mama na kutua kwenye beseni.

Profesa mwenyewe alikuwa ameketi kando ya kitanda kusimamia mtihani. Siku hizi mikono yake ilitetemeka mno, hata kikombe cha chai alikishika kwa yote miwili, na kazi aliyobakiwa nayo ilikuwa kutazama mkono wake wa zamani ukivaliwa na watoto wa watu.

"Njia imefunguka nusu," Tulinagwe alisema. "Kichwa bado kinaelea juu. Hakijaingia kwenye nyonga."

"Na chupa ya uzazi?"

Kabla hajajibu, Nsia, mama aliyekuwa kitandani, alishikwa na uchungu, chupa ikapasuka, maji yakamwagikia Tulinagwe mpaka viatuni. Pamoja na maji kilishuka kitu laini, kikalala kati ya vidole vyake. Kilikuwa kinapiga.

Alikijua. Alikisoma mwaka wa tatu, katika sura ambayo wenzake waliiruka kwa kuwa glavu ingewafanyia kila kitu. Kitovu kikitangulia mbele ya kichwa, kichwa hukibana kwenye nyonga na mtoto hukosa damu. Usikishikeshike, wala usijaribu kukirudisha. Sukuma kichwa juu kwa vidole, kizuie hapo hapo, na usitoe mkono kwa hali yoyote mpaka mtoto atolewe kwa upasuaji.

Alisukuma. Mapigo yaliyokuwa yamezorota yakarudi.

"Kipimo kimekamilika," glavu ilisema kwa sauti yake ya upole. "Toa mkono."

"Bado! Kitovu kimetangulia!"

"Toa mkono." Ikaanza kuuvuta, taratibu lakini bila kuchoka, kama mtoto anavyomvuta mama yake kwenye duka la pipi.

Tulinagwe aliegemea mbele kwa uzito wote aliokuwa nao. Jasho lilimtiririka machoni na hakuwa na mkono wa kulifutia.

"Dada, kuna nini?" Nsia aliuliza. "Mbona mnapiga kelele?"

"Dada Nsia, geuka upige magoti. Kifua kilale kitandani, makalio yawe juu. Taratibu, mimi nakufuata. Uchungu ukija, usisukume."

"Mwanangu yupo?"

"Yupo. Ninaye hapa kwenye vidole."

Profesa alikuwa amekwisha bonyeza kengele ya dharura. Aliinuka kitini, akamshika mwanafunzi wake kiwiko kwa mikono miwili inayotetemeka, akasukuma naye.

"Ifungue, Profesa!"

"Haifunguki mpaka utoke. Na nyuzi zake hazikatiki, mwanangu."

"Si mkono wako huu? Mbona haujui?"

"Wangu ulijua. Kitovu kilinitangulia mara mbili, na watoto wote wawili walinifia. Hapo ndipo nilipojifunza. Waliponinakili, wakachukua mienendo ya waliozaliwa wazima peke yake. Walisema hakuna haja ya kuwafundisha wanafunzi kushindwa."

Tulinagwe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikuwa akipigana na mkono ambao haujawahi kufiwa, na mkono huo ulikuwa umevaa mkono wake.

Kitanda-roboti kiliwapeleka thieta wote wawili, yeye akiwa amepiga magoti nyuma ya Nsia. Huko madaktari wa upasuaji wakamlaza Nsia chali, wakamfunika Tulinagwe kwa shuka la kijani pamoja na miguu ya mgonjwa, akabaki gizani kwenye joto, akisikia vyuma vikigongana juu yake. Glavu iliendelea kuvuta. Kidole cha pete kilitoa mlio, maumivu yakampanda mpaka begani. Alilia kwa sauti, na hakutoa mkono. Mapigo yalipungua, yakapungua tena. Akasukuma.

Ghafla kichwa kiliondoka vidoleni, kikavutwa kwenda juu. Kisha mtoto akapiga kelele za hasira, na Tulinagwe akalegea.

Glavu iliupeleka mkono wake kwenye beseni yenyewe. Kifuli kikafunguka.

"Mwendo haulingani na mkono wa asili," ilitangaza. "Kosa la mwanafunzi. Kumbukumbu ya mwendo huu inafutwa."

"Lakini mtoto mzima!" Tulinagwe aliropoka. "Profesa, izuie isifute! Kitufe kiko wapi?"

"Hakuna kitufe," Profesa alisema, akimfunga kidole kwa bandeji iliyokwenda upande kwa kutetemeka. "Nilikwisha kitafuta."

Nsia aliomba kumwona aliyemshikia mwanawe. Alimpa amshike kidogo, binti mnene mwenye nywele tele, na Tulinagwe akaweka kidole kisichoumia kwenye kipande cha kitovu kilichobanwa kwa klipu. Hakikuwa kikipiga tena; mtoto alikuwa akijipumulia mwenyewe.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefeli kwa kupinga glavu. Sheria ilikuwa wazi: bila kufaulu hakuna udaktari, na bila glavu hakuna kumgusa mama yeyote. Akaitwa kurudia mtihani. Safari hii Profesa alisogeza kiti chake karibu na kitanda mpaka goti lake likagusana na la Tulinagwe.

Tulinagwe aliingiza mkono kwenye glavu. Kifuli kikalia. Kabla glavu haijaanza kazi alikunja ngumi ndani yake, kwa nguvu, kidole kibovu na vyote, aone ataweza kuizuia mpaka wapi siku kitovu kitakapotangulia tena.