Siku Mama Alipogonga Kichuguu

Pikipiki ya Vicent, kijana wa bodaboda, ilikuwa imeshalipita zizi na inateremka kuelekea barabarani. Mama amekaa nyuma ya Vicent, na nyuma yake zimefungwa sufuria mbili kubwa kwa mpira. Lilian alikuwa anaikimbilia pikipiki hiyo, peku, akikanyaga tope la mvua ya usiku. Mkononi ameshika kumbikumbi mmoja kwa mabawa.

"Mama, wameanza kutoka! Mama!"

Mama hakugeuka. Alipaza sauti kuushinda mlio wa injini, na maneno yake hayakuwa ya Lilian. Yalikuwa ya Wegesa, dada mtu, aliyesimama mlangoni: kuni na mkungu wa ndizi vifike machimboni kabla ya saa sita, asichelewe. Kisha pikipiki ikakata kona penye migomba na haikuonekana tena.

Lilian alirudi taratibu. Kumbikumbi alikuwa ameshakimbia, yamebaki mabawa tu vidoleni.

"Mama amemwona?" aliuliza.

"Hajamwona," alisema Wegesa.

Mama yao, Bernadetha, alikuwa anawapikia wachimbaji wa dhahabu kwenye machimbo madogo nyuma ya kilima, si mbali na Nyamwaga. Baba yao, Thadeo, alikuwa fundi ujenzi Musoma, anakuja nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo mzigo wa nyumba ulikuwa wa Mama. Alikuwa anatoka kabla ya jua, anarudi watoto wamelala. Usimwite mzazi mbaya. Sare zilikuwepo, unga ulikuwepo, na mlango ulikuwa na kufuli. Na kazi yake aliijua hasa. Alijua mchimbaji yupi hali pilipili, yupi ana vidonda vya tumbo, na kwamba Batholomeo, yule jamaa mrefu kutoka Kahama, bila ukoko wa wali hajashiba. Lakini Lilian aling'oka jino la mbele siku ya Jumatatu, Mama akaja kulijua Alhamisi, tena kwa kuambiwa na jirani.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kichuguu cha kumbikumbi. Pale kwao kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Na umiliki wake si wa maneno. Mwenye kichuguu ni yule anayekigonga, yaani anayewaita kumbikumbi kwa mlio wa vijiti, msimu wao unapofika. Bibi Nyangwine alikigonga hiki mpaka alipofariki. Baada yake akakigonga Mama. Kisha machimbo yakafunguliwa, na misimu miwili ikapita kichuguu kikiwa kimya. Huu ulikuwa wa tatu.

Jirani yao, mzee Heche, alikuwa anaihesabu misimu hiyo. Jana yake alivuka mpaka, akakichoma kichuguu kwa fimbo na kumwambia Wegesa kwamba mama yao siku hizi ameolewa na sufuria. Kesho mchana, alisema, asiposikia mlio wa watu wa nyumba ile, analeta blanketi lake na kukigonga mwenyewe, na toka hapo kitakuwa chake.

Usiku huo Wegesa hakulala mpaka Mama aliporudi. Alimweleza habari yote. Mama, huku anavua viatu, alijibu kwamba kumbikumbi hawalipi ada ya shule, akazima taa.

Sasa Wegesa alisimama uani Jumamosi asubuhi, anautazama mzigo wa kuni uliokwisha kufungwa. Akatazama na kichuguu.

"Sipeleki," alisema.

"Utachapwa," Lilian alimwambia.

"Nitachapwa nikiwa nimeshagonga."

Wakaanza kazi. Walikwangua majani juu ya kichuguu, wakaziba matundu yote kwa udongo wakabakiza moja. Juu ya tundu hilo walikunja fito, wakazifunika kwa blanketi, tena lile zuri la wageni, maana jingine zito hawakulipata. Mbele wakaacha uwazi mdogo wa kuingiza mwanga, na chini ya uwazi wakachimba shimo, wakatia ndoo iliyotandikwa jani la mgomba. Kumbikumbi akitoka anafuata mwanga, anateleza, anaangukia ndooni. Hayo yote Wegesa aliyakumbuka tangu enzi Mama alipokuwa anagonga. Kisha akaweka gogo kavu chini, akashika vijiti viwili, akaanza kugonga.

Aligonga kwa hasira zake zote. Aligonga mpaka viganja vikawaka. Ndooni hamkuingia hata sisimizi.

Heche alikuja kabla ya saa sita, blanketi liko begani, sufuria iko kwapani. Alisimama upande wake wa mpaka, akasikiliza, akacheka.

"Unaita kumbikumbi au unafukuza nyani?"

"Shikamoo, mzee Heche."

"Marahaba."

"Mlio umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Basi mwenyewe yupo. Rudi nyumbani."

Mtoto wa darasa la sita kumjibu mzee hivyo si jambo dogo. Heche hakuondoka. Aliigeuza sufuria yake, akaikalia, akasema mwenye kichuguu ni anayewatoa, si anayepiga kelele, na yeye ana siku nzima.

Saa saba hivi pikipiki ilipanda mlimani kwa kasi. Mama alishuka kabla haijasimama, aproni iko kiunoni, uso umejaa masizi. Wali ulikuwa umeiva nusu, moto umekufa, na wachimbaji wanagonga sahani. Akaona kuni zake zimeegemea ukuta. Akaona blanketi la wageni kwenye tope. Akavunja fimbo kwenye ua wa miti.

Wegesa alisimama. Hakukimbia.

"Batholomeo anapenda ukoko," alisema. "Lilian anapenda nini?"

Mama alifungua mdomo. "Ugali na maziwa," alisema.

"Maziwa yanamuumiza tumbo tangu mwaka jana."

Mama alimtazama Lilian. Lilian alikuwa anajikuna mguu kwa mguu mwenzake.

"Mimi napenda kumbikumbi," alisema. "Ila sikumbuki wana ladha gani."

Huenda Mama angebaki amesimama hapo na fimbo yake mpaka jioni, kama Heche asingesaidia kwa kukosea. Aliinuka, akajipangusa suruali.

"Mchape tu, mama Wegesa, uwahi kwa wateja wako," alisema. "Hii kazi nitaimalizia mimi."

Mama aligeuka. "Kazi ipi?"

Akatupa fimbo. Akaketi chini na aproni yake, akakokota gogo, akampokonya Wegesa vijiti.

"Uliyokuwa unapiga wewe ni mvua ya mawe," alimwambia. "Nani anatoka na watoto wake kwenye mvua ya mawe? Sikiliza."

Akaanza kugonga taratibu sana, vijiti vinagusa gogo na kuachia, kama manyunyu yanayodondoka kwenye majani baada ya mvua kubwa kupita. Hakuongeza kasi. Lilian alimimina maji kidogo juu ya kichuguu, kama alivyoelekezwa. Vicent, ambaye bado amekaa juu ya pikipiki, aliuliza awaambie nini watu wa machimboni.

"Waambie leo hakuna chakula."

"Watahamia kwa Imelda, yule mpishi mwenzako."

"Wahamie."

Walitoka kwanza askari wenye vichwa vyekundu, wakazunguka tundu kama wanakagua. Kisha mabawa. Mmoja, kumi, halafu tundu lote likachemka, na ndani ya ndoo ukasikika mchakacho kama wa karatasi. Lilian alitumbukiza mikono, akapiga kelele za furaha, kumbikumbi wakampanda mpaka shingoni. Mama hakuwatazama kumbikumbi. Aliendelea kugonga, anamtazama mtoto, na lile pengo la jino linalocheka.

Batholomeo alifika kwa miguu, amechoka na amekasirika. Alisema wanaume zaidi ya thelathini wana njaa kule.

"Hawa wawili walikuwa na njaa kabla yenu," Mama alimjibu, wala vijiti havikusimama. "Kama una mikono, shika ndoo. Kama huna, njia ni ileile uliyokuja nayo."

Batholomeo aliguna. Baadaye akashika ndoo.

Heche naye aliondoka, lakini alipofika mpakani aliuliza, kwa sauti ndogo, kama atapata hata kidogo. Mama alimwambia ataletewa bakuli kama jirani, si kama mwenye kichuguu.

Jioni walikaanga kumbikumbi kwa chumvi, bila mafuta, mabawa yakapepetwa kwenye ungo. Walikula kwa ugali wa mtama, watatu, sinia moja. Mama alipomaliza kutafuna alimgeukia Wegesa.

"Kosa lako liko palepale. Uliwaacha watu bila moto, na mimi ndiye niliyewapa ahadi. Kesho utabeba mizigo miwili. Siku nyingine ukiwa na neno, nisimamishe njiani uniambie usoni, hata nikikasirika. Lakini na mimi nina langu. Nilidhani nawatafutia maisha, kumbe mengine yanatoka hapa nyuma ya nyumba, tena siku chache kwa mwaka. Kazi haiishi, mwanangu. Utoto wa mtoto ndio unaoisha. Mzazi akisema ngoja nimalize kazi kwanza, atamaliza, atageuka, na hatamkuta mtoto."

Wegesa alibeba mizigo miwili kesho yake. Wateja kumi hivi walihamia kwa Imelda na hawakurudi. Mama aliendelea kupika, lakini Jumamosi alikuwa hapiki, na aliyelalamika aliambiwa akapike mwenyewe. Machimbo yalijaa maji mwaka uliofuata, Batholomeo akarudi kwao Kahama. Heche alipata kichuguu kingine upande wa mtoni. Baba bado yuko Musoma. Vicent aliuza pikipiki, sasa ana duka mjini, Bomani. Wegesa yuko kidato cha pili. Lilian yuko darasa la nne, na mpaka leo hajui kugonga vizuri, ingawa kila msimu Mama anaketi naye kwenye gogo.