Gramu Tisini

Kila asubuhi, kazi za wodi ya watoto njiti zilikuwa zilezile: kunawa mikono, kukamua maziwa, kupima uzito. Mama mmoja, mshona nguo, alizizoea upesi. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa na kilo moja na gramu mia mbili tu. Siku ya nne, mizani ilionyesha amepungua gramu tisini.

Wifi yake, aliyeleta nguo safi, alimvuta kando.

"Wifi, nimemsikia daktari. Kasema mtoto yuko kwenye hatari kubwa. Usimzoee sana, utaumia bure."

"Basi tumwachie Mungu," mama alijibu.

Saa ya kukamua ilipofika, mama hakukamua.

Muuguzi aliona kikombe kikavu. "Mama, maziwa yako wapi?"

"Ya nini, sista? Si mmesema hatapona?"

"Nani kasema? Nilijua kuta zina masikio. Kumbe za humu zina midomo pia!"

Wifi akatazama dari.

Muuguzi alivuta kiti. "Daktari hutazama uzito, wiki za mimba, pumzi, na dalili za maambukizi. Hapo hukadiria nani yuko hatarini, ili tumwangalie zaidi. Hayo ni makadirio, mama, si hukumu. Kila siku tunapima upya."

"Na gramu tisini?"

"Watoto njiti wengi hupungua siku za mwanzo, kisha hupanda. Lakini hawapandi kwa hewa. Maziwa yako hulinda utumbo wake. Kifua chako humpa joto."

"Nikimzoea, halafu akafa?"

Muuguzi alimsogezea kikombe. "Siwezi kukuahidi. Mwachie Mungu lililo lake. Lililo lako, lishike."

Mama alinawa, akakamua. Yalitoka matone machache, yakapita kwenye mrija mwembamba hadi tumboni mwa mtoto. Kisha akafungiwa mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Aliomba bila sauti.

"Haya, na mimi nifundisheni," wifi alisema. "Kifua ninacho, tena kipana."

"Kanawe kwanza," muuguzi alimjibu.

Siku ya kumi na mbili, mtoto alirudia uzito wa kuzaliwa. Wiki ya saba, waliruhusiwa kwenda nyumbani.

Mlangoni, baba wa mtoto, aliyekuja kuwachukua, aliuliza, "Kwa hiyo daktari amesema mtoto atakuwa sawa?"

"Amesema turudi tarehe nane, apimwe macho na masikio."

"Lakini atakuwa sawa?"

Mama alimfunika mtoto vizuri. "Amesema turudi, mume wangu. Tutarudi."