Aliyeigusa Swichi

Kufuli la chumba cha seva halikuvunjwa, wala hapakuwa na waya uliokatwa. Hata hivyo mkurugenzi wa hospitali aliita polisi mapema asubuhi: mtu asiyejulikana ameingia na kubadilisha mipangilio ya swichi ya mtandao, kifaa kinachoziunganisha kompyuta zote.

"Hasara ni nini?" Inspekta aliuliza.

Mkurugenzi alikohoa. "Hakuna. Tangu jana mchana mfumo unakwenda kama maji."

Miaka ishirini ya upelelezi, na Inspekta hakuwahi kuitwa kwenye uhalifu uliotengeneza kitu. Akameza kicheko, akatoa daftari.

Fundi Mkuu wa kompyuta alieleza kwa uso wa mtu aliyetafuna ndimu. Seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zilikuwa nne. Maombi yote ya majibu ya maabara yalimwagwa kwenye moja. Ilibeba kama punda, ikazimia kila siku ifikapo saa nne, huku tatu zimekaa kama wageni waalikwa. Sasa swichi inagawa kazi kwa zamu, na kila sekunde tano inazipima zote; iliyozimia inarukwa mpaka izinduke. Kumbukumbu zilionyesha kazi hiyo ilifanywa jana saa saba na robo, wakati wa chakula, kwa nywila ya Fundi Mkuu mwenyewe.

"Nywila umeiandika wapi?"

"Kwenye karatasi. Nimeibandika juu ya swichi."

Inspekta alivaa glavu, akachomoa waya ambao mvamizi aliuacha kwenye swichi. Kwenye plagi ya waya huo palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau. Wino wa muhuri. Na kadi za wagonjwa hugongwa muhuri mahali pamoja tu.

Akaongozana na mkurugenzi na Fundi Mkuu hadi mapokezi, alikokaa mama mmoja wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Subiri Kidogo, kwa jibu lake la simu. Gumba lake lilikuwa la zambarau.

"Jana saa saba na robo ulikuwa wapi, mama?"

"Chumba cha seva, afande. Ufunguo wake hukaa hapa mapokezi."

"Kufanya nini?"

"Kugawa mzigo."

Hakuzunguka mbuyu. Alikuwa akisomea mitandao ya kompyuta kila Jumamosi, mwaka wa pili huu, na hata mumewe hajui. Alimwandikia Fundi Mkuu barua tatu kuhusu seva iliyolemewa, akashukuriwa, basi. Ndipo wiki iliyopita akaja mama na mtoto mwenye homa kali.

"Nilimwambia asubiri kidogo. Nikarudia, nikarudia. Masaa manne, na majibu yamo ndani ya mfumo, yamekwama. Mtoto alipona, lakini mimi nilishindwa kumtazama yule mama usoni. Nikasema sidanganyi mtu tena."

Inspekta alimkanya: kutumia nywila ya mwingine ni kosa, hata kwa nia njema. Kisha akamwachia mkurugenzi aamue kuhusu malalamiko yake. Mkurugenzi aliyafuta papo hapo, akamuuliza mama kama angehamia chumba cha kompyuta. Mama akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Mwishowe Fundi Mkuu akavuta kiti, akaketi mbele ya mama.

"Dada," alisema taratibu, "ile ya kuzipima kila sekunde tano, uliianzaje?"

Mama akausogeza muhuri kando, akachukua kalamu.