Spana Iliyosingiziwa Galbet

Enyi wakazi wa Galbet, wenye magari na wenye kuomba lifti, tegeni masikio. Mimi, Mohamedamin wa kidato cha tatu, nimesimama kuwafundisha namna ya kuchagua spana ya kipimo, yaani ile spana ndefu unayoiwekea namba, ikalia nati inapofikia nguvu hiyo, usije ukailegeza wala ukapitiliza. Elimu yangu katika jambo hili ni kubwa. Nimewahi kuishika spana hiyo mara moja, nikaambiwa niirudishe sandukuni kabla sijaivunja.

Hata hivyo nisikilizeni, kwa maana nyumba moja imeumia, na ni nyumba mnayoijua.

Ni nyumba ya mjomba wangu Dagane, ndugu yake mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, abti, mimi nikimwita hivyo naye akiniita hivyo. Alhamisi moja ya likizo ya Aprili tulikuwa uani kwake. Mkewe Lul, ambaye kwa heshima namwita eedo, yaani shangazi, alikuwa akipuliza makaa ya chai, mbuzi wawili wakilamba bampa ya gari lao, Probox, kana kwamba wamelipwa waioshe. Abti alikuwa amepiga jeki, anabadilisha pedi za breki za mbele. Kazi ndogo za gari alizifanya mwenyewe tangu fundi mmoja wa barabarani alipochomeka bomba kwenye spana ya magurudumu, akalirukia kwa miguu miwili, na boliti ikakatika.

Baada ya kisa hicho aliapa kununua spana ya kipimo. Alikwenda mara tatu katika duka la Hamdi, mjane anayeuza vifaa vya magari, na mimi nikamfuata kwa sababu nyumbani kulikuwa na kuni za kupasua. Hamdi alimwekea spana mbili mezani. Ya kwanza ilimetameta na bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Hamdi alisugua namba zake kwa kidole gumba, zikafutika. Ya pili namba zake zilichongwa kwenye chuma, na ilikuja na karatasi ya majaribio yenye nambari ileile iliyo kwenye mpini. Kitabu cha Probox kinataka nati zikazwe kwa nyutoni-mita mia moja na tatu, kipimo cha nguvu ya kukaza, na Hamdi alieleza kwamba spana nzuri ni ile ambayo namba unayoihitaji iko katikati ya kipimo chake, maana spana nyingi hudanganya zikifika mwisho. Akamwonya asiitumie kufungulia nati zilizokwama, asimwazime mtu, na akimaliza kazi airudishe kwenye namba ya chini kabisa.

"Na ikilia, acha," alisema. "Usiongeze hata kidogo. Iamini."

Abti aliiamini kuliko alivyowahi kuniamini mimi, na hapo sina la kumlaumu. Mwaka jana shuleni niligonga kengele ya chakula saa tisa mchana, bweni zima likapanga foleni na sahani mbele ya jiko lililofungwa. Niliadhibiwa wiki mbili. Nilikuwa nimecheka kwa wiki tatu.

Basi Alhamisi ile abti alikaza gurudumu la kulia. Kila nati ilipofikia nguvu yake spana ililia tak, naye akatabasamu. Mimi nilikaa nyuma yake juu ya tairi la akiba, nikiwa na kalamu yangu ya kubofya, nikijifanya nasoma kemia. Kalamu haina umuhimu wowote katika hadithi hii. Isahauni.

Gurudumu la kushoto alilikaza upesi zaidi. Nati nne ziliisha kabla chai haijachemka, akaisifu spana kwamba imeshazoea kazi. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akashusha jeki, tukaenda msikitini.

Jumamosi abti na eedo Lul walianza safari ya Tarbaj, ambako mama yake eedo alikuwa mgonjwa. Yaliyotokea njiani aliyasimulia abti mwenyewe, mara moja tu, na sijasikia akirudia. Kabla hawajafika Modogashe usukani ulianza kutetemeka. Eedo alimwambia gari linacheza, asimame atazame. Alimjibu: "Nati nimekaza mwenyewe, Lul. Spana ililia." Akadhani ni barabara. Walienda kama dakika kumi zaidi, kisha akaliona gurudumu la kushoto likiwatangulia, likikimbia peke yake kuelekea vichakani. Probox lilipinduka mara mbili. Eedo, aliyeketi nyuma ya abti, alikuwa ameshikilia dirisha kwa mkono wa kulia.

Mkono huo walimkata hospitalini usiku uleule, juu ya kiwiko.

Mnajua mkono wa kulia ni nini kwetu. Ndio wa kulia chakula, ndio wa kumpa mgeni kikombe, ndio wa kupokea salamu. Eedo Lul, ambaye mikate yake laini ya anjera ilikuwa ikigombaniwa Idi, leo anakula kwa mkono wa kushoto. Hataki kula mbele ya watu. Hubeba sahani yake chumbani, akafunga mlango kwa mguu. Siku moja, nikiwa nje ya mlango huo, nilimsikia akisema bismillahi mara tatu, polepole, kama mtu anayeomba msamaha.

Watu walitaka kujua kosa ni la nani. Tukiwa bado hospitalini, abti, kichwa kimefungwa bendeji, aliniuliza: "Wewe ulikuwepo, abti. Uliisikia ikilia, sivyo?"

"Niliisikia," nikasema. "Labda ni feki."

Neno hilo lilitoka hospitalini kabla yangu. Jumatatu lilikuwa limefika sokoni, na kufikia Ijumaa mtu alikuwa ameandika FEKI kwa mkaa kwenye mlango wa Hamdi. Walionunua jeki kwake miaka mitano iliyopita walizirudisha. Binti yake, Naimo, aliacha kwenda madrasa kwa sababu watoto walimwita mkata mikono. Hamdi hakumtukana mtu. Alikwenda kwa wazee, akaomba kitu kimoja tu: waje dukani kwake na spana ileile, waipime mbele ya macho ya wote.

Walikuja, wakiongozwa na mzee Issack. Abti alikuja, na eedo Lul pia alikuja, akakaa karibu na mlango amejifunika shali begani. Mimi nilitumwa kubeba sanduku la spana. Hamdi alibana boliti kwenye jiliwa, akaiwekea nati akaikaza hadi mwisho, kisha akaiweka spana ikae mlalo, mpini ukielea hewani. Alipima nusu mita kutoka kwenye nati, akachora alama. Akaiweka spana kwenye mia moja.

"Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo ishirini kwenye nusu mita ni kama mia moja ya spana," alisema. "Wazee wangu, maji hayajui kusema uongo."

Alitundika kwenye alama jerikeni ya lita ishirini iliyojaa nusu. Spana ilinyamaza. Akaongeza maji kwa kopo, taratibu, duka zima likitazama. Jerikeni ilipokaribia kujaa, mpini uliinama kidogo na chuma kikalia.

Tak.

Alimwaga, akajaza tena. Tak, mahali palepale. Mara ya tatu vilevile. Mzee Issack alisema spana ni nzima. Abti alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni.

"Siyo mlio niliousikia," akasema. "Gurudumu la kulia ulikuwa huu. La kushoto ulikuwa mwembamba, tena mara mbilimbili."

Mimi huwa nikiogopa vidole vyangu havitulii. Kalamu ilikuwa mfukoni, na mkono ulikuwa mfukoni. Duka lilikuwa kimya kabisa.

Tik-tik.

Abti hakugeuka haraka. Aligeuka kama mtu anayeogopa atakachokiona. "Rudia," akaniambia.

Nilirudia. Ningefanya nini?

Wakazi wa Galbet, mliambiwa muisahau kalamu, nami niliyewaambia nilikuwa mwongo. Kila abti alipoanza kukaza nati ya gurudumu la kushoto niliibofya nyuma ya mgongo wake, naye, mtu mwaminifu, akaacha, maana aliambiwa ikilia aache. Nilikusudia kumwambia tukitoka kuswali. Tulipotoka alikuwa akiwaonyesha majirani spana yake, amefurahi, nikaona aibu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikacheza mpira.

FUNZO

Mwenye gari achague spana ya kipimo yenye namba zilizochongwa na karatasi yake, ambayo namba ya gari lake iko katikati. Akishakaza, aende kilomita chache, asimame, apime tena. Usukani ukitetemeka asimame, na mkewe akimwambia asimame, asimame mara mbili.

Mwenye ulimi asiseme feki juu ya bidhaa ya mtu kabla haijapimwa, kwa kuwa nati iliyolegea hukazwa, lakini jina la muuzaji likishalegea halina spana.

Na mwenye mzaha aukiri mzaha wake kabla jua halijatua. Ukweli uliochelewa siku mbili ulikuwa na thamani ya mkono mzima.

Wazee waliniamuru niusugue mlango wa Hamdi mpaka mkaa utoke, kisha niyaseme haya nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana nimesimama hapa. Mlango umetakata. Naimo bado hajarudi madrasa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya abti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniita abti. Eedo Lul aliniuliza swali moja tu.

"Ulipokuwa ukiibofya, Mohamedamin, ulicheka?"

Nilicheka, eedo. Niliuma shati ili nisisikike.