Urea ya Mahindi kwenye Michungwa

Kila asubuhi Swaumu alifagia uwanja, akaendelea mpaka chini ya michungwa. Hapa Msimbu, shamba safi ndilo linalosifiwa. Mumewe, Mwishehe, aliyachoma majani.

Misimu miwili mfululizo urea, mbolea ya ruzuku ya mahindi, ilifika mahindi yameshakauka. Ndiyo kawaida yao waliopo ofisini, mvua wanaiona dirishani. Mwishehe hakutaka urea ipotee. Akaimwaga yote kwenye mashina ya michungwa.

Majani yakawa mengi, machungwa machache. Jua lilipowaka, hayo machache nayo yakadondoka.

"Nakata yote, nachoma mkaa," alisema Mwishehe.

"Michungwa ndiyo inayosomesha watoto," alisema Swaumu. "Ngoja nimwite Sada."

Sada ni jirani yao, muuza miche ya matunda. Alichimba kidogo chini ya mchungwa. Udongo ulikuwa mgumu. Akaenda kwenye mchungwa wa nyuma ya choo, ambako mbolea haikufika, wala ufagio. Akafunua majani yaliyooza. Palikuwa na nyuzi nyeupe.

"Unaona nini, shemeji?" alimuuliza Mwishehe.

"Fangasi. Ugonjwa huo."

"Wapo wa ugonjwa. Hawa wanaozesha majani yawe chakula cha mti. Wengine huwaoni kwa macho. Wanaishi kwenye mizizi, wanauletea mti maji na chakula. Mti nao unawapa sukari."

"Kumbe nina vibarua siwajui."

"Urea ikizidi, wanapungua. Mti unaota majani tu, na kiangazi unakosa msaada."

"Mbona bwana shamba hakusema?"

"Alikuja lini huku?" aliuliza Swaumu.

"Basi urea niitupe?"

"Usiitupe. Udongo upimwe kwanza, ndipo ujue kipimo. Usiweke kwenye shina. Tia samadi iliyooza. Majani acha yalale chini. Na wewe shoga, ufagio uishie uwanjani."

"Watasema mimi mvivu."

"Waseme."

Walipeleka udongo kupimwa kwa nauli yao wenyewe, maana hakuna aliyewafuata. Wakafuata aliyosema Sada. Mwaka wa kwanza mabadiliko yalikuwa madogo. Mwaka wa pili jua lilikaza, machungwa yakabaki mtini, makubwa, yenye maji. Wanunuzi wakaja na gari kutoka Kibaha.

"Mzee, mmesaidiwa na mradi gani?" aliuliza mmoja.

"Mradi wenyewe ule pale, anamwagilia miche," alijibu Mwishehe. "Mkimaliza kupakia, mkanunue miche kwake."