Dashibodi Iliyochelewa Saa Moja

Mwizi aliiba ndani ya uwanja wa kituo cha polisi Biharamulo, mchana kweupe, tena bila papara. Alifungua skrubu nne, akaziacha kwenye kisahani cha majivu ya sigara, akaondoka na dashibodi nzima ya lori bovu lililoegeshwa humo: mita ya spidi, ya mafuta, ya kilomita, pamoja na saa yake. Lori lile bovu lilikuwa kielelezo cha kesi ya ajali, na hakimu alitaka kulikagua Ijumaa.

Konstebo Frednand, aliyekuwa lindoni, alishavuliwa mkanda na kuwekwa mahabusu.

Inspekta Audax alikabidhiwa jalada Jumanne, siku yake ya tano ya kunywa kwinini. Masikio yalimvuma, na sauti za watu zilimfikia kwa mbali, kama zinatoka chumba cha pili.

"Ulilala?" alimuuliza Frednand.

"Sikulala, afande. Jana asubuhi nilikuwa napanga malori ya msafara."

"Msafara upi?"

"Wa mahindi ya wakimbizi wa Burundi, kambi ya Lukole. Yalikuwa saba humu uwanjani, yakisubiri askari wa kuyasindikiza porini."

"Ya aina gani?"

Frednand akafikiri. "Aina moja na hilo bovu, afande." Kisha akashika nondo za mlango. "Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na nyumba ni ya polisi. Nikifukuzwa nitampeleka wapi?"

Swali hilo lilimuuma Audax kuliko homa.

Alfajiri ya Jumatano aliondoka na dereva kwa Land Rover ya kituo. Pori lilipita dirishani likiwa limefunikwa ukungu, kisha vilima vya Ngara vikaanza kujitokeza kimoja kimoja, vya buluu, visivyo na miguu. Walipopita Mbuba, migomba ilikuwa inadondosha umande. Audax hakujua vizuri wapi alisinzia na wapi alikuwa macho. Alikuwa mzaliwa wa huku, na bado nchi ilimjia kana kwamba anaiota.

Lukole, malori saba yalikuwa yamejipanga kwenye ghala. Kufungua dashibodi saba ni kazi ya kutwa, na madereva walishaanza kununa. Audax akaamuru kila mmoja awashe swichi tu. Akapita akichungulia, lori kwa lori. Taa zote ziliwaka sawasawa, kilomita zilisomeka, na sindano za mafuta zilipanda.

Kwenye lori la tano akasimama. Saa yake ya mkononi ilisema saa mbili na dakika arobaini. Saa ya dashibodi ilisema saa moja na dakika arobaini.

"Jina lako?"

"Gozbert, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Saa yako inachelewa."

"Saa za magari ndivyo zilivyo."

"Inachelewa saa moja kamili. Hata dakika haikupotea. Fungua."

Gozbert alifungua. Nyuma ya dashibodi palikuwa na namba, na namba ile ndiyo iliyokuwa kwenye jalada.

"Nimeiba mimi, afande. Mimi peke yangu."

"Kuiba nimeona. Nauliza aliyeipanga upya hadi ikakubali lori lako."

 Audax hakungoja jibu. Ukivuka mpaka kuingia Burundi, saa zote ziko nyuma kwa saa moja. Akamgeukia Domisiana, mama muuza chai pembeni ya ghala.

"Dada, kuna fundi humu kambini anayefuata saa ya kwao?"

Domisiana akacheka. "Wazee wengi wanaifuata. Ila fundi ni mmoja, Bigirimana wa redio. Miaka minane yuko hapa, na saa yake hajawahi kuisogeza."

Audax alitumia simu ya upepo kuagiza kituoni Frednand afunguliwe, kisha akamchukua Gozbert wakaenda kwa fundi.

Nyumba ya Bigirimana ilikuwa ya udongo, paa la turubai. Ndani kulikuwa na redio zilizofumuliwa, kompyuta chakavu yenye nyaya, na dashibodi nyingine iliyoungua. Nyuma ya pazia, mtu alikuwa anapumua taratibu. Bigirimana, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, alipomwona dereva na polisi, aliweka chini pasi yake ya kuchomelea.

"Nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Afande, tuongee polepole. Mama amelala."

"Mama yako?"

"Ntirampeba. Tulipotezana tukikimbia vita. Mwezi jana nikasikia yuko Kaniha, kijiji cha upande wa Biharamulo, analimia watu. Mkimbizi haruhusiwi kupita kilomita nne kutoka hapa. Kibali niliomba mara tatu, nikanyimwa."

Gozbert akadakia. "Mimi ndiye niliyemfuata, afande. Alhamisi iliyopita. Kwenye msafara abiria hapandi, kwa hiyo nikasema gari linaumwa, nikabaki. Lakini ofisi yetu husoma kilomita kila safari, na Kaniha siyo njia yangu."

"Nikajaribu kuzirudisha nyuma," alisema Bigirimana, "nikaiunguza dashibodi yake. Ikabidi apate nyingine. Hii ya pili nikaipanga kilomita alizotakiwa kuwa nazo. Nilihakiki mara mbili."

"Saa je?"

Bigirimana aliitazama saa yake ya mkononi kwa mshangao, kisha akainamisha kichwa. "Nimeipanga nikitazama hii."

Audax alilitazama pazia, kisha akageuka. "Kwenye maelezo nitaandika wizi wa kielelezo. Abiria sikumwona. Lakini nyote wawili mnakwenda Biharamulo."

"Twende, afande. Naomba kimoja tu. Mama halala ila mchana, na kila akiamka huuliza kama nipo, au aliota. Asiamke nikiwa sipo. Nimuage kwanza."

"Gari linaondoka saa nne."

Bigirimana akageukia pazia. Nyuma yake pumzi ziliendelea, nzito, za mtu ambaye hataamka sasa hivi.

"Saa nne ya wapi, afande?"

Nje, dereva wa Land Rover alishawasha injini. Audax alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Akaivua mkononi, akaitia mfukoni, akaketi kwenye kigoda katikati ya redio zilizofumuliwa.

"Ya kwenu," alisema.