Kipunguza Volti na Friji ya Dawa

Kwa jina la Mola, Mponyaji asiyehitaji dawa, naanza.

Nyumbani mle waliishi wawili: Mshonaji, na mumewe aliyetegemea sindano za insulini. Kaka wa mume alikwishafariki kwa sukari mwaka uliopita. Jirani yao alikuwa fundi redio, aliyeitwa Waya kwa wembamba wake.

Asubuhi moja Mshonaji alifungua friji ya dawa, iliyoendeshwa kwa umeme wa jua. Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi, na dawa haikutaka kupita nane. Chupa zilikuwa tatu, na kliniki haikuwa na nyingine mpaka mwezi ujao. Akamwita Waya.

Waya akapima paneli ya sola, kisha betri.

"Shemeji, paneli inatoa volti thelathini na sita, ampea tano. Betri ni ya volti kumi na mbili. Kidhibiti chaji hiki cha zamani kinapitisha ampea tano zile zile, volti zilizozidi zinapotea bure. Friji inakula kuliko kinachoingia. Tufunge kipunguza volti."

"Umeme hautoshi, nawe waja kuupunguza? Mume wangu ana sukari, usimtilie na presha."

Waya akaokota utepe wa kitambaa sakafuni. "Ukiukata vipande vitatu, ukaviunga ubavu kwa ubavu?"

"Utakuwa mfupi, lakini upana mara tatu."

"Kitambaa kimeongezeka?"

Mshonaji akafikiri. "Hakijaongezeka. Kimepungua kidogo, maana mshono nao unakula."

"Basi urefu ni volti, upana ni ampea. Kifaa kinafupisha volti, kinapanua ampea. Tano zitatoka karibu kumi na tatu. Zingekuwa kumi na tano, ila mshono umekula: umeme huo unatoka kama joto."

"Kumbe tutatumia umeme wa kushonwa," mume akasema kitandani.

"Wewe lala," mkewe akamjibu.

Waya akasoma kwanza maandishi ya kifaa: kinachaji betri ya aina ile, kinahimili volti za paneli, kinaweza kutoa hadi ampea ishirini. Upande wa betri akaweka fyuzi na waya mnene. "Ampea nyingi huunguza waya mwembamba. Mwembamba anayefaa hapa ni mimi."

Adhuhuri, nyuzi tisa. Mshonaji hakuweza kushona hata tundu la kifungo. Alasiri, saba. Akampigia simu muuguzi wa kliniki, naye akasema dawa bado ni salama.

Kulipokucha, friji ilisoma tano. Mshonaji akasimama ameifungua, akiitazama, asiamini.

"Funga mlango, mke wangu," mumewe akasema, "unaitia joto."

Mola awarehemu waliotangulia, na awape afya na utulivu waliobaki.